Pombe Ikishachacha, Itiwe Katika Chombo Gani?

Leo safu hii haikuja kukuambia uache pombe. Hayo wengine wameyasema sana, na vilabu bado vimejaa. Leo tuzungumze juu ya pipa.

Mama anayepika komoni anaijua kazi yake. Huotesha nafaka, hukausha kimea, husaga, hupika uji, kisha huuacha uchache. Mpika mbege wa Kilimanjaro huchemsha ndizi mbivu, huziacha siku kadhaa, huchuja, halafu hutia uji wa kimea cha ulezi. Ni kazi ya siku nyingi na kuni nyingi. Lakini hatari ninayotaka kuieleza haiko jikoni. Iko siku ya mwisho, pombe inapotolewa katika chombo ilimochachia na kutiwa katika chombo cha kuuzia.

Chombo hicho kimetoka wapi?

Mapipa na madumu ya plastiki huuzwa mnadani kwa bei nafuu. Mengine yalikuwa na mafuta ya kula. Mengine yalikuwa na dawa ya kuua wadudu wa pamba au kahawa, au dawa ya magugu. Muuzaji atasema limeoshwa kwa sabuni, halinuki. Usimwamini. Plastiki hunywa dawa kama ukuta wa udongo unavyonywa maji. Dawa iliyoingia humo haitoki yote kwa sabuni, wala kwa majivu, wala kwa maji ya moto. Pombe ikilala humo usiku kucha, huitoa kidogo kidogo.

Aliyekunywa sumu ya namna hiyo huumwa kichwa, hutapika, hutokwa na jasho na mate mengi, macho huona kiza, pumzi hubana. Na wenzake watasema nini? Watasema amelewa. Watamlaza pembeni ili pombe imtoke. Mtu anaweza kufa pale huku wengine wanacheka. Ukiona dalili hizo, mpeleke zahanati upesi, na umweleze mganga pombe ilikaa katika chombo gani.

Wapo wanaosema pombe imepikwa, kwa hiyo haina sumu. Sikiliza yaliyotokea Chitima, jimbo la Tete, nchini Msumbiji. Mwezi wa Januari 2015, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mpishi mwenyewe alikuwa mmoja wao. Kwanza watu walisema imetiwa nyongo ya mamba. Wataalamu walipochunguza, waligundua kuwa unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika, na bakteria walikuwa wametengeneza sumu. Pale kosa lilikuwa katika unga, si katika pipa. Lakini wapikaji wote wana la kujifunza hapo: moto huua vijidudu, hauondoi kila sumu.

Pipa na ndoo za bati nazo zina shida yake. Bati hupakwa zinki ili lisishike kutu. Kwa maji ya kuogea halina neno. Pombe iliyochacha ni kali kama ndimu, nayo huila ile zinki. Wanywaji hushikwa na tumbo na kutapika, kisha lawama humwangukia jirani mwenye wivu.

Sasa tuje kwenye kifuniko. Pombe yetu hunywewa ingali inachacha, na pombe inayochacha hutoa hewa. Ukiijaza mpaka juu katika dumu na kukaza kifuniko, hewa haina pa kutokea. Dumu huvimba, na linaweza kupasuka au kumrushia kifuniko usoni anayelifungua. Uingereza, ambako tangu mwaka 1963 mtu hahitaji leseni kutengeneza bia ya kunywa nyumbani, wako wanaohamishia bia yao katika pipa maalumu la kuhimili hewa hiyo. Lakini husubiri kwanza bia imalize kuchacha, na pipa lenyewe lina kidude cha kupumulia. Dumu lako halina. Basi acha nafasi ya vidole vinne juu, legeza kifuniko, au funika kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba.

Wakati wa kuhamisha, wengine huongeza maji ya kisimani ili pombe iwe nyingi. Huu ni wizi, na zaidi ya wizi ni hatari. Maji yale hayakuchemshwa. Pombe ya kienyeji si kali kiasi cha kuua vijidudu vyote, na kipindupindu hakiogopi kilabu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wazee wetu kuchimba vyoo na kujikinga na kuhara. Itakuwa aibu tuyarudishe yale yale kwa kata ya pombe. Ukitaka kuongeza maji, yachemshe na uyapoze. Osha mikono, tumia kata safi yenye mpini, na usivute pombe kwa mpira uliotiwa mdomoni.

Chombo kizuri ni mtungi wa udongo uliooshwa na kuanikwa juani, au pipa jipya la plastiki lililotengenezwa kwa ajili ya chakula. Najua pipa jipya ni ghali kwa mama anayetegemea pombe kununua madaftari na sare za watoto. Ndiyo maana simlaumu yeye peke yake. Kijiji kinachokusanya ushuru wa kilabu kingeweza kutenga sehemu ya fedha hizo, kikanunua mapipa mawili matatu, wapikaji wakayatumia kwa zamu. Lisemeni jambo hili katika mkutano wa kijiji. Mwenyekiti naye apite kilabuni kabla ya watu kuanza kunywa, atazame vyombo.

Na lile pipa la dawa lililoko nyuma ya nyumba yako? Usilichome moto, moshi wake una sumu. Usimpe jirani hata akiliomba. Mwulize bwana shamba lipelekwe wapi, na wakati unamngoja, litoboe matundu chini ili lisiweze kushika kitu.