Bidii ya kazi si kutuma kila senti

Kuna ujumbe wa sauti ambao karibu kila mmoja wetu ameshaupokea. Unaingia usiku, siku mbili tatu baada ya mshahara. Salamu, hali za watoto, habari za mvua, halafu: "Piga kazi dada, Mungu anabariki kazi ya mikono." Halafu ombi.

Hatuna ugomvi na maneno hayo. Sisi Wakristo tulioko huku tumelelewa hivyo, kwamba uvivu ni dhambi na kazi ni sehemu ya ibada, na tumekuja na imani hiyo pamoja na Biblia ya kwenye simu. Ila tumeshakaa Uarabuni miaka ya kutosha kuona neno bidii likitumika kama kamba ya kumfungia punda.

Mwenzetu mmoja, dada wa kazi za ndani, alikaa miaka minne nyumba moja. Watoto watano, ghorofa tatu, Ramadhani analala baada ya daku. Kila mwezi alituma mshahara wote, anabakiza hela ya vocha na sabuni. Siku aliporudi kwao akakuta nyumba aliyokuwa anaijenga imeishia kwenye msingi, majani yameota ndani, na kaka zake wawili, wazima wa afya, wako chini ya mwembe wanasubiri mwezi uishe. Akiba hana hata ya nauli. Jumapili kanisani akasimamishwa mbele, akapigiwa makofi kama mfano wa bidii. Baada ya miezi mitatu alikuwa ofisini kwa ajenti tena.

Makofi yale ndiyo yametufanya tuandike.

Anayetajwa sana kwenye mahubiri ya kazi ni Paulo, basi tuanze naye. Paulo alikuwa fundi mahema. Matendo ya Mitume sura ya 18 inasema alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila na kufanya nao kazi, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja. Na hao wawili walikuwa wametoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi waondoke Rumi. Kwa hiyo ni watu watatu, wote ugenini, wanashona mahema ili wale. Wanafanana na sisi kuliko tunavyodhani.

Huyo ndiye aliyewaandikia Wathesalonike, katika barua ya pili sura ya 3, kwamba mtu akikataa kufanya kazi, chakula pia asipewe. Andiko hili tunasomewa sisi. Lakini liangalie vizuri: anayenyimwa pale si asiyeweza, ni asiyetaka. Paulo alikuwa amesikia kwamba kuna watu Thesalonike wameacha kazi, wanazurura na kujiingiza kwenye mambo ya wengine. Sasa tuulizane, barua hiyo inamhusu nani? Dada anayeamka saa kumi na moja alfajiri kupasha maziwa ya mtoto wa watu? Au kaka wa chini ya mwembe?

Tunajua tutajibiwa kwa Timotheo, kwamba asiyewatunza wa nyumbani kwake ameikana imani. Ni kweli, na hatulikimbii andiko hilo. Mama mzee, mtoto wa shule, ndugu mgonjwa, hao hawana mjadala, watumie. Lakini kumtunza mtu na kumfuga ni vitu viwili. Waefeso sura ya 4 nayo inataka mtu afanye kazi kwa mikono yake ili awe na cha kumpa mhitaji. Awe nacho kwanza. Wewe mwenyewe ukirudi mikono mitupu, mhitaji wa kesho ni wewe.

Kuna andiko jingine linalopendwa na baadhi ya ajenti wakati wa mafunzo ya kabla ya safari: fanya kazi kama kwa Bwana, usibishane na madam. Hilo limetoka Wakolosai sura ya 3. Wasichosoma ni mstari unaofungua sura ya 4, ambapo wenye watumwa wanaamriwa wawape haki na wasiwapunje. Na amri ya siku ya mapumziko, Kutoka sura ya 20, inamtaja mtumwa wa kiume, wa kike na mgeni aliyemo malangoni mwako. Mgeni, yaani sisi.

Kwa hiyo kuomba siku ya ofu si uvivu. Sheria ya Emirati ya mwaka 2022 inampa mfanyakazi wa ndani siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki, na saa 12 za kupumzika kwa siku, nane kati ya hizo zikiwa mfululizo. Kaka wa saiti, kule Emirati kazi ya juani imekatazwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, tangu Juni 15 hadi Septemba 15. Qatar ni saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni 1. Ukijipeleka juani saa saba ili uonekane mchapakazi, hujamtumikia Mungu. Umejipeleka hospitali.

Na mshahara nao una bidii yake. Bado tunasikia "madam ananiwekea hela zangu." Jamani, hapana. Yakobo ameandika kwamba ujira uliozuiliwa unalia mbele za Mungu, ila uliozuiliwa miaka miwili bila karatasi unalia peke yake, hakimu hausikii. Dai akaunti yako, au saini ya kila mwezi. Tuma mara moja badala ya mara nne, maana kila ukituma wanakata ada. Na kabla ya kutuma, toa fungu lako. Anayelipwa dirhamu 1,200 akiweka 200 tu kila mwezi, mkataba wa miaka miwili ukiisha ana 4,800, kama dola 1,300 za Marekani. Hizo zinaanzisha kitu.

Yule dada yuko huku sasa kwa mkataba wa pili. Anatuma ya mama na ada ya shule, inayobaki inakaa benki. Kaka zake aliwaambia saruji atanunua yeye, matofali wafyatue wao. Mdogo ameshafyatua 300. Mkubwa hadi leo hapokei simu zake.