Lisbon: Twende Wengi, Tule Wachache Wachache

Oktoba hii, shule zikifungwa, jumuiya yetu inakwenda Lisbon kwa siku nne. Tiketi za ndege zimelipiwa, vyumba vimepatikana, na sasa kila kikao kikiisha watu wanamfuata mweka hazina pembeni na swali moja: tutakula nini, na itatugharimu kiasi gani? Ni swali la haki na liulizwe kwa sauti. Miongoni mwetu wako wanaosafisha maofisi usiku na kutuma nyumbani sehemu kubwa ya wanachopata, na wako waliojaaliwa zaidi. Wote wamejiandikisha. Jarida hili linaamini kwamba wote wanaweza kula vizuri Lisbon, yaani supu ya moto, samaki wa makaa na kahawa ya kuteremshia, mradi tuache mazoea mawili: kuingia mkahawani watu arobaini kwa pamoja, na kugawana bili sawa kwa sawa.

Kundi la watu arobaini halina pa kuingia ila kwenye mikahawa mikubwa ya barabara za watalii, kule Baixa, ambako kijana husimama mlangoni na menyu ya picha akiwaita wapita njia. Chakula cha huko hupikiwa mtu ambaye hatarudi tena. Wenyeji hula kwenye vijimkahawa wanavyoviita tasca: meza nane au kumi, karatasi badala ya kitambaa, mara nyingi mume, mke na watoto wao ndio wanaohudumu. Vyakula vya siku huandikwa kwa mkono asubuhi na kubandikwa dirishani. Tafuteni maneno prato do dia, chakula cha siku. Kwa euro kumi na kitu unapata sahani iliyojaa, na mara nyingi mkate, kinywaji au kahawa vimo humohumo. Wanaokula pembeni yako ni mafundi ujenzi, makarani na wazee wastaafu, watu ambao kesho watarudi, kwa hiyo mpishi hathubutu kuwaharibia.

Ndiyo maana tunapendekeza makundi ya watu sita sita, na mlo mkuu uwe wa mchana. Usiku sahani ya siku huwa haipo tena na bei hupanda. Fikeni saa sita na nusu, kabla ya wafanyakazi kutoka makazini. Ikikaribia saa tisa majiko mengi hufungwa hadi jioni. Familia zenye watoto ziulize meia dose, nusu sahani, maana sahani nzima mara nyingi hushibisha watu wawili.

Mkishakaa, mhudumu ataleta mkate, zeituni, siagi, pengine na jibini, kabla hamjaagiza chochote. Si ukarimu wa bure. Kila kitu kina bei yake, na ukikigusa utakilipia. Sheria ya Ureno ya 2015 inasema mteja halipishwi kitu ambacho hakukiagiza wala hakukitumia, basi usipokitaka sema hapana asante na kitaondolewa bila ugomvi. Samaki wabichi na kamba nao huandikwa bei ya kilo. Ombeni wapimwe kwanza, mwambiwe bei ya samaki huyo mnayemwona, ndipo aende kwenye makaa. Wareno wanaongoza Umoja wa Ulaya kwa kula samaki, na wala si lazima ununue wa ghali: carapau, samaki mdogo anayechomwa kwa chumvi tu na kuletwa na viazi vya kuchemsha, ni chakula cha kila siku cha watu wa pale, na mtu wa pwani atamjua kwa ladha. Jumatatu chagueni kitu kingine, kwa kuwa Jumapili wavuvi wengi hupumzika na meza za samaki sokoni huwa tupu.

Wenzetu Waislamu wametuuliza kuhusu nguruwe, na wana sababu. Yumo katika mkate wa bifana, katika soseji za chouriço, na kipande chake huelea hata juu ya caldo verde, supu ya majani ambayo kwa macho haina nyama. Keki nyingine hutengenezwa kwa mafuta yake, yanayoitwa banha. Sem porco ndiyo maneno ya kujifunza kabla ya kupanda ndege. Lakini hakuna haja ya kuishi kwa tambi za pakiti ndani ya chumba. Kutoka uwanja wa Martim Moniz, mkipandisha Rua do Benformoso, mtakuta mikahawa ya Wabangladeshi ya nyama halali, wali na mchuzi kwa bei ambayo hata wanafunzi wanaimudu. Na Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985, upo karibu na Praça de Espanha, kwa wale watakaotaka kuswali Ijumaa.

Tungependa pia kila kundi lile angalau mara moja kwa Waafrika wa Lisbon. Watu wa Cape Verde wameishi pale vizazi kadhaa, na cachupa yao, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa kwa muda mrefu na maharage, itamfanya Mpare au Mkikuyu aulize nani alipeleka kande huko. Kuna ya samaki na kuna ya nyama. Ulizeni ni nyama gani. Asubuhi kilichobaki hukaangwa na kitunguu, likawekwa yai juu. Na kwenye kaunta karibu kila mkahawa mtaona sambusa, pale huitwa chamuças, zilizofika kutoka Goa na Msumbiji pamoja na watu waliohama baada ya uhuru wa Msumbiji wa 1975. Mbili za moto na kahawa ya kunywa umesimama kaunta, ambako mara nyingi bei huwa chini kuliko mezani, zinatosha kwa kifungua kinywa.

Sasa hili la bili, ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Mtu ameagiza supu na mkate kwa sababu ndivyo alivyoweza kumudu. Jirani yake amekula kamba na kunywa chupa mbili. Bili inapokuja mtu mmoja, kwa moyo mweupe kabisa, anasema tugawe tu. Yule wa supu hawezi kukataa mbele ya watu, analipa, na siku ya pili anasema tumbo linamsumbua, atabaki hotelini. Hakuna ugonjwa wowote. Tunajua, na tumekuwa tukinyamaza. Katika jumuiya inayojiita ya ndugu jambo hili haliwezi kuendelea. Tunapendekeza fedha za chakula cha mchana zikusanywe kabla ya safari, kiwango kimoja kinacholingana na sahani ya siku, na mkuu wa kila kundi alipe kutoka mfuko huo. Cha ziada kila mtu ajilipie palepale. Kwa asiyeweza kufikia kiwango hicho, mweka hazina aongee naye faraghani na mfuko wa jumuiya umjazie, jina lake lisitajwe kikaoni.

Tukila hivyo tutabakiwa na fedha za kiingilio cha Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, ambayo watoto wetu wana haki nayo kuliko watalii wengi. Humo kimo chombo cha kuwekea Ekaristi kilichokamilika 1506, kimefuliwa kwa dhahabu ambayo Vasco da Gama alimtoza mtawala wa Kilwa na kuifikisha Lisbon 1503. Dhahabu ya Kilwa iko kule mpaka leo, ndani ya kioo. Mtoto aliyezaliwa huku Ulaya, anayeulizwa shuleni kwao ni wapi, asimame mbele yake na aelezwe na mzazi wake. Katibu athibitishe kwanza kwamba makumbusho hayo yako wazi wiki hiyo, kisha tupange siku.

Kimebaki kitu kimoja. Kila kundi linahitaji mtu anayejua Kireno cha kuagizia chakula, na tunao ndugu waliokulia Msumbiji au kufanya kazi huko. Wampe katibu majina yao kabla ya kikao kijacho, ili orodha ya makundi ipangwe kwa kuwafuata wao.