Mafuriko ya Tana Sio Dharura Tena, Yawekwe Kwenye Bajeti

Makomredi, kila mto Tana unapovunja kingo tunaona picha zile zile. Lori la unga, bango, mheshimiwa ameshika gunia, kamera. Wiki mbili baadaye lori limeenda na mkulima wa Garsen amebaki na shamba la tope. Unga unalisha watu, sawa. Lakini pesa ya kumrudisha mkulima shambani iko wapi, na ni nani anaamua nani apate?

Hebu tusome sheria kidogo, maana ndiyo ninayosomea. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 110, inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Kifungu cha 112 kinasema pesa hizo hutolewa kwa hitaji la haraka ambalo halikutarajiwa. Halikutarajiwa! Mafuriko yalikuja 2018, yakaja 2023 na El Niño, yakarudi Aprili na Mei 2024. Mabwawa ya juu, Masinga mpaka Kiambere, yakijaa maji yanashuka kwetu, na kabla yafike redio inatuambia tuhame. Kitu kinachotangazwa redioni mapema kinashangazaje serikali? Kinafaa kiwe na fungu lake kwenye bajeti ya kawaida.

Tena hazina yenyewe ni ndogo. Sheria inasema malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Mgao wa Tana River kutoka Nairobi ni zaidi ya bilioni 6 kwa mwaka. Asilimia 2 ya bilioni 6 ni milioni 120. Chukulia nyumba 10,000 zimeathirika: kila moja inapata shilingi 12,000, hapo ni kama hakuna hata shilingi iliyoishia kwa mafuta ya magari ya wakubwa. Miembe ikifa, hata ukipanda leo utangoja miaka kabla uchume. 12,000 itakufikisha wapi?

Na hizo kidogo zinapita kwa orodha. Hapa ndipo pananiuma. Mashamba mengi ya kando ya mto hayana hatimiliki. Ni ardhi ya jamii, na ikiwa haijasajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kaunti inaishikilia kwa niaba ya wenyewe. Kwa hivyo ni mzee wa kijiji anayesema shamba hili ni la fulani. Shangazi yangu amelima mahindi na ndizi pale pale tangu sijazaliwa. Orodha ilipoandikwa, jina lililoingia ni la shemeji yake anayeishi Mombasa. Alipoenda kuuliza akaambiwa angoje awamu ya pili. Bado anangoja.

Mfugaji angalau ana pa kushika wakati wa ukame. Bima ya mifugo ya serikali inayopima malisho kwa setilaiti ilianza 2015 kule Turkana na Wajir, baadaye ikafika hapa, na ukame una sheria yake ya 2016 na mamlaka yake. Sisemi mfugaji apunguziwe, jamani, tumechoka kugombanishwa na ndugu zetu. Nasema mafuriko ya 2024 yalikuta mswada wa kusimamia majanga yote, ule wa 2023, bado uko Bunge.

Sasa, kulalamika kwa simu hakutoshi. Kifungu cha 114 kinaitaka hazina ya kaunti iombe idhini ya bunge la kaunti ndani ya miezi miwili baada ya kulipa pesa za dharura. Basi karatasi lazima iwepo. MCA wako aliiona? Muulize, hata kama ni wa chama chetu. Wetu ndio tuanze nao, wasije wakatuaibisha.

Halafu andika barua. Kipengele cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki hiyo, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Uliza mambo matatu: kiasi kilicholipwa, majina yalichaguliwa vipi, na aliyeachwa akate rufaa wapi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Siku 21 zikipita kimya, peleka nakala hiyo kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoita Ombudsman.