Kuheshimu si Kuabudu

Wengi wetu hapa Bungu tukiutazama msitu twaona kuni na mbao tu. Wazee wetu hawakuona hivyo. Wasambaa na Wazigua walikuwa na vichaka vya matambiko ambamo shoka halikuingia.

Jirani zetu wa pwani ya Kenya, Wamijikenda, wangali na makaya yao. Mgeni aingiaye Kaya Kinondo, kule Kwale, hufungwa kaniki kiunoni, humfuata mwenyeji wake, wala haruhusiwi kutoka na chochote cha msituni. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya makaya hayo katika Urithi wa Dunia. Hata Japani, aendaye kwenye hekalu la kale la Washinto huko Ise hunawa mikono na kusukutua kinywa kwanza, kisha hupita katikati ya miti mikubwa iliyotunzwa kwa ajili ya utakatifu wa mahali pale.

Je, Mkristo akifungwa kaniki hiyo ameabudu mizimu? Hasha! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine.

Sisi hatutambikii miti; twamwabudu Aliyeiumba. Lakini tukiri kosa letu: tulipofundishwa tusiiogope miti, tulidhani tumeruhusiwa kuikata yote. Chemchemi zikikauka, tumlaumu nani? Musa alivua viatu mbele ya kijiti kilichowaka. Nasi tuingiapo msituni, tuvue kwanza pupa.