Ya Moyoni Si ya Kila Simu

Kigombe siku hizi, vijana na hata wakubwa wanaweka ya moyoni mwao kwenye stetasi na Facebook: ugomvi wa ndoa, madeni, maradhi, kinyongo na ndugu. Ukiwaonya, majibu wanayo tayari. Nayajibu moja baada ya jingine, kwa sababu watu wanaumia.

"Sijamtaja mtu." Dar es Salaam huenda hilo likasaidia. Kigombe ni kijiji cha wavuvi baina ya Tanga na Pangani. Watu wanajuana kwa ukoo, kwa chombo na kwa mlango. Mwanamke akiandika usiku, "Wengine wakienda dago pesa zinaishia hukohuko, watoto wanalala njaa," jina la nini tena? Asubuhi, wanaosubiri dagaa ufukweni wameshahesabu waume walio dago, kambini mbali kwa uvuvi, na nani kati yao ana watoto wadogo. Wanabaki wawili, na mmoja mkewe hana simu janja.

"Inafutika baada ya saa 24." Inafutika kwako. Aliyepiga picha ya skrini anayo, na kesho ataipeleka kwenye grupu ambalo wewe humo. Tena watazamaji unaowaita marafiki ni namba ulizohifadhi: shemeji, mwalimu wa mtoto, mwenye duka anayekukopesha. Na simu zao hushikwa na watoto wao.

"Natumia jina la bandia." Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole; zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Jina ni la bandia, namba ni yako. Desemba 2016, Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji, akashtakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Alisimama imara, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini usiri wa walioandika ulitegemea mtu aliyekubali kulala rumande kwa ajili yao. Wangapi watakubali?

"Sheria inanilinda." Katiba, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Ni hatua kubwa, maana inawabana wanaokusanya taarifa zetu. Ila hakuna tume inayoweza kuwasahaulisha majirani walichokwisha kusoma. Na haki hiyo si yako peke yako. Ukiandika kwamba mwanao ana kifafa, umeitoa siri yake kabla hajafikia umri wa kuulizwa, naye atakwenda kuposa ilhali upande wa pili wanaijua.

"Kuandika kunaponya; nikinyamaza nitapasuka." Hili ndilo dai lenye nguvu, na nusu yake ni kweli. Mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti waliofanya Marekani: wanafunzi waliandika mambo yaliyowaumiza maishani, dakika 15 kila siku kwa siku 4. Walioeleza tukio pamoja na hisia zao walikwenda kutibiwa mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Maandishi yale hayakubandikwa popote. Waandishi wake waliahidiwa usiri. Nafuu waliipata bila kusomwa hadharani, na kwa kazi hiyo daftari la dukani linatosha.

Mwenye haja ya kusikilizwa, pwani yetu haijamwacha: ana somo wake aliyemfunda, ana shangazi, ana bibi. Hao wana wajibu kwako, wajibu ambao mtazamaji wa stetasi hana. Ukikosea kauli watakurekebisha ingali ndani, na mambo yakizidi watakwenda kuzungumza na mumeo au wazazi wako. Mpelekee mmoja wao hilo uliloliandaa usiku huu, kabla hujaligusa lile neno "tuma".