Wenye Msitu Hawakuitwa

Jirani zako wawili wakae sebuleni kwako wakati haupo, wagawane vyumba, halafu wakuletee karatasi usome. Utaliitaje jambo hilo? Mei 2010 kule Kanada waliliita ushirikiano.

Nazungumzia misitu ya kaskazini, ile ya miti ya jamii ya misonobari inayotambaa Kanada nzima. Makampuni 21 ya mbao na karatasi yalitia saini makubaliano na mashirika 9 ya mazingira, yakihusu zaidi ya hekta milioni 72. Makampuni yangesitisha ukataji kwenye maeneo makubwa anakoishi karibou, mnyama wa baridi mwenye mapembe kama matawi. Wanamazingira nao wangeacha kampeni za kususia bidhaa zao. Safi kabisa, sivyo? Ila kwenye saini zote hizo hapakuwa na hata moja ya wenyeji wa asili, watu walioishi humo maelfu ya miaka. Yaani mnyama ana jina linalosikika kama "karibu", na mwenye nyumba hakukaribishwa!

Kuna watakaosema: si miti imeokolewa, wenyeji wanalalamika nini? Hapo ndipo ninapochoka. Wenyeji si mapambo ya msitu. Wapo wanaotaka usiguswe, na wapo wenye kampuni zao za mbao na vijana wanaotafuta kazi. Kuwaamulia kwamba msitu usikatwe ni dharau ile ile ya kuwaamulia ukatwe.

Na msiniambie haiwezekani kuwaweka wote meza moja. Mwaka 2003, humo humo Kanada, wenyeji wa Dehcho na Innu walikaa na wanamazingira na makampuni kama Tembec la mbao na Suncor la mafuta, wakakubaliana kwamba angalau nusu ya misitu hiyo ihifadhiwe. Haya ya 2010 je? Desemba 2012 Greenpeace ilijitoa, na makubaliano hayakufika mbali.

Sasa tazama Thaidene Nëné, maana yake Ardhi ya Mababu, pembezoni mwa ziwa Great Slave. Takriban mwaka 1970 serikali ilitaka kuigeuza hifadhi, Wadene wa Łutsel K'e wakakataa katakata. Waliogopa kunyimwa kuwinda kwao. Miaka karibu hamsini baadaye, Agosti 2019, walisaini wenyewe, kwa masharti yao: wanawinda, wanavua, wanasimamia pamoja na serikali, na walinzi ni vijana wao. Eneo hilo linalingana na Rwanda nzima.

Nusu karne ni ndefu, nakubali. Lakini huku kwetu tulikuwa na njia ya mkato: Mei 2017 Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek wa msitu wa Mau. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena, eti kuulinda msitu.