Tuulizwe Sisi Wenye Picha

Tumechoka. Sisi tunaopiga picha za harusi na misiba, sisi tunaoskani picha za wazazi wetu kabla hazijaliwa na mende, sisi tunaotunza albamu za ukoo ndani ya kompyuta, tumechoka kupangiwa na programu saa tuliyooana na jina la tuliyemzika.

Mwenzetu mmoja alipiga picha za ndoa iliyofungwa saa nane mchana. Saa ya kamera yake ilikuwa bado inafuata Japani, ambako wako mbele yetu kwa saa sita. Usiku ule ule aligundua, akakaa na programu moja akasahihisha saa ya kila picha. Siku ya kutengeneza albamu alitumia programu nyingine. Picha za msaidizi wake, ambaye saa ya kamera yake haikuwa na kasoro, zikatangulia: keki imekatwa, wageni wameshakula, ndipo ndoa inafungwa, saa mbili usiku. Wenye harusi walimwona yeye mzembe. Kazi ya kusahihisha alikuwa ameifanya, tena mpaka alfajiri.

Shida yenyewe ni hii. Ndani ya faili moja la picha, tarehe hiyo hiyo inaweza kuandikwa mahali patatu, kila mahali na kisanduku chake. Pa kwanza ni Exif, utaratibu uliotoka Japani mwaka 1995, ambao kamera huutumia kuandika tarehe, lenzi na mwanga. Pa pili ni IPTC, uliotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya vyombo vya habari, wenye maelezo ya picha, jina la mpiga picha na mji. Pa tatu ni XMP, ulioletwa na kampuni ya Adobe mwaka 2001. Wa mwisho alipokuja, wa kwanza hawakuondoka. Manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, na chombo chetu kina watatu.

Programu ya kwanza ya mwenzetu iliandika saa sahihi kwenye XMP, ikaiacha Exif na saa ya Japani. Ya pili ikaanza kusoma Exif, ikaridhika, isitazame kwingine. Hakuna iliyosema neno. Zipo pia programu zinazoweka masahihisho yetu kwenye katalogi yao wenyewe, na picha haiguswi mpaka uziamuru ziandike. Ukihamisha picha kwenda kompyuta nyingine, jasho lako limebaki ulikotoka.

Saa tunaweza kuivumilia. Jina la marehemu hatuwezi. Tumewahi kusahihisha jina lililokosewa chini ya picha ya mzee wetu, tukaliona limekaa sawa kwenye kioo, tukapeleka picha kwa mchapaji wa kijitabu cha mazishi. Programu yake ikachukua maelezo kutoka kisanduku kingine, kile ambacho bado kilikuwa na jina la makosa. Kijitabu kikagawiwa kwa waombolezaji hivyo hivyo. Utamweleza nini mjane kuhusu visanduku vitatu?

Majina yetu yenyewe hayatoshi humo. Kisanduku cha mpiga picha katika ule mfumo wa zamani wa IPTC kilipimwa baiti 32. Mtu akiandika jina lake, la baba na la babu, kisha aongeze jina la studio, mwisho unakatwa. XMP inabaki na jina zima, IPTC na kipande, na programu huwahesabu kuwa watu wawili. Na picha za kuskani je? Kuna kisanduku cha siku picha ilipopigwa na kingine cha siku ilipoingizwa kwenye kompyuta. Tunajaza cha kwanza kwa uangalifu, 1974, halafu programu inapanga kwa kile cha pili, na mama yetu akiwa bibi harusi anawekwa baada ya mahafali ya wajukuu zake.

Tusiambiwe kwamba jambo hili halina dawa. Adobe, Apple, Canon, Microsoft, Nokia na Sony zilikaa pamoja, na mwaka 2008 zikatoa mwongozo: visanduku vipi vinabeba jambo moja, kipi kisomwe kwanza vikipingana, na kwamba anayebadilisha kimoja avioanishe na vingine. Uliwekwa hata utaratibu wa alama ya uhakiki, ili programu itambue kama sehemu ya IPTC imeguswa na programu ya kizamani isiyoijua XMP. Exif nayo ilipata nafasi ya kuandika saa za eneo mwaka 2016. Njia imefyekwa zamani. Wanaoipita ndio wachache.

Madai yetu ni matatu. Programu ikikuta tarehe mbili au majina mawili, ituoneshe yote kwenye kioo kimoja, ikitaja kila moja limetoka wapi. Ituulize lipi ni la kweli, isichague kimyakimya. Tukishajibu, iandike jibu letu mahali pote patatu, ndani ya picha yenyewe, ili atakayeifungua kesho kwa programu nyingine akute neno lile lile.

Kamera inajua saa iliyowekewa tu, na skana inajua siku iliyowashwa. Aliyejua kwamba ndoa ilifungwa saa nane ni mpiga picha aliyekuwa amesimama pale na jua la mchana. Anayejua mwaka wa picha ya mama ni mama mwenyewe, na bado yupo, anajibu akiulizwa.